Gari Letu la Boksi na Mama Aliyetoroka



Mwezi uliopita hapa Bwera tulitengeneza mfano wa roboti ya kwenda sayari ya Mars. Mwili ni boksi la sabuni, magurudumu sita tulikata kwenye kandambili zilizochakaa, na mota mbili tulipewa na fundi redio mmoja wa Kasese. Mzee mmoja akapita, akatuangalia, akauliza: "Wanangu, hapa tu bado mnangojea karatasi. Huko mtaingia na kitambulisho gani?" Tulicheka, lakini swali lilituuma. Basi tukatafuta historia.

Roboti ya kwanza kutembea kwa magurudumu juu ya Mars ilifika tarehe 4 Julai 1997. Huku kwetu wazee wanakumbuka kipindi hicho kwa mambo mengine. Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, na Mei 1997 Mobutu akaanguka kule Kinshasa. Watu walikuwa njiani na magodoro kichwani. Na hiyo mashine ilikuwa na kilo kama 11 tu, nyepesi kuliko jerikeni ya maji ya lita 20.

Jina lake Sojourner. Lilitoka kwa Sojourner Truth, mama mweusi wa Marekani aliyezaliwa utumwani, akatoroka mwaka 1826 amebeba binti yake mchanga. Neno lenyewe maana yake ni msafiri, mtu anayekaa mahali kwa muda tu. Wanafunzi waliombwa kuandika insha za kupendekeza jina, na iliyoshinda ni ya Valerie Ambroise, msichana wa miaka 12.

Kuiendesha haikuwa mchezo. Mawimbi ya redio kutoka duniani hadi Mars yanachukua dakika kadhaa, kwa hiyo ikikutana na jiwe haiwezi kungoja kuambiwa. Ilibidi ilione yenyewe na kulizunguka. Ilitengenezwa ifanye kazi siku 7; ikafika karibu miezi mitatu.

Na hapa Uganda je? Satelaiti ya kwanza ya nchi hii, PearlAfricaSat-1, ilirushwa tarehe 7 Novemba 2022 kutoka Virginia, Marekani. Haikwenda Mars, ilizunguka dunia tu, lakini waliojenga ni Waganda watatu waliokuwa wanasoma Japani: Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke. Ukubwa wake sentimita 10 kila upande. Boksi letu la sabuni ni kubwa kuliko hiyo!

Mzee aliporudi tukamwelezea habari ya yule mama na mtoto wake. Alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Na hili lenu mmeliita nani?"

Tukamwambia: Msafiri.

Siku hiyo lilipanda mawe mawili. Kwenye la tatu gurudumu likachomoka. Sasa tunatafuta kandambili nyingine, mwenye nayo atuletee.