Uyoga Uliosafiri

Leo tutajifunza habari za uyoga, kwa maana mvua zikinyesha wengi huchukua vikapu wakaenda kuutafuta. Mtu anayeanza huuliza, "Nitaujuaje ule wenye sumu?" Historia itatusaidia kujibu.

Katika Ulaya kuna uyoga ambao wataalamu huuita Amanita phalloides. Kofia yake ina rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Chini ya kofia mna vipande vyembamba vyeupe, vimepangana kama kurasa za kitabu. Shina lake lina pete, na mwisho wake, mara nyingi ndani ya udongo, limekaa katika kifuko cheupe. Uyoga huu ni mwuaji mkubwa kuliko uyoga mwingine wo wote.

Uyoga hauna miguu. Je, ulifikaje nchi za mbali? Nyuzi zake hushikamana na mizizi ya miti, hasa mwaloni. Mti huulisha uyoga, na uyoga huusaidia mti kupata maji na chumvi za udongo. Wazungu waliohamia Rasi ya Afrika ya Kusini tangu karne ya 17 walipanda mialoni. Baadaye mialoni ilipandwa Australia pia. Miche iliyoletwa na udongo wake ilimleta mgeni aliyejificha mizizini.

Sikiliza yaliyofuata. Katika nchi za Asia watu hula uyoga unaoota katika mabua ya mpunga. Ni chakula kizuri, nao pia una kifuko chini ya shina. Mtu aliyekulia huko, akiuona ule wa mwaloni ungali mchanga, aweza kudhani ni uyoga wa kwao. Katika mji wa Canberra, Australia, usiku wa kuamkia mwaka 2012, uyoga huo wa sumu ulipikwa ukaliwa. Watu wawili walikufa siku chache baadaye.

Wengine hutegemea dalili. Husema: ukiliwa na konokono ni salama, ukichemshwa sana sumu huisha, sarafu ya fedha isipogeuka nyeusi chunguni, kula. Hayo yote si kweli. Mwaka 1941 wataalamu Wajerumani walifaulu kuitenga sumu ya uyoga huu iitwayo amanitini. Moto hauiharibu. Tena ina hila. Mlaji hukaa saa 6 au 12, au zaidi, bila kuumwa. Kisha hutapika na kuhara. Halafu huenda akajiona amepona, kumbe ini lake linaharibika.

Nasi Afrika ya Mashariki tuna miti ya kigeni. Chini ya misonobari iliyoletwa kutoka ng'ambo huota uyoga mwekundu wenye madoa meupe, nao una sumu. Bibi zetu wa kale, waliojua sana uyoga wa vichuguu, hawakutuachia neno juu ya huu, kwa sababu haukuwako.

Basi, wewe unayeanza, jifunze uyoga mmoja mmoja kwa mtu anayeuchuma kila mwaka mahali hapo hapo. Uchimbue mzima, uutazame mpaka chini. Ukiona shaka, uache. Ukihamia nchi nyingine, anza kujifunza upya. Na mtu akiumwa baada ya kula uyoga, mpelekeni hospitali upesi pamoja na mabaki yake, hata akisema amepata nafuu.

Maswali ya darasa
1. Uyoga wa sumu ulifikaje Afrika ya Kusini na Australia?
2. Kwa nini ujuzi wa nchi moja waweza kumponza mtu katika nchi nyingine?
3. Katika kijiji chenu, ni nani anayeujua uyoga vizuri? Mwulizeni, kisha andikeni majina ya uyoga aliowatajia.