Membe wa Karatasi

Picha hii niliinunua katika duka la vitu vya kale, ikiwa imekwisha kukatwa kwa wembe kutoka kitabuni. Ni ndege mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene, amesimama peke yake juu ya jiwe. Chini pameandikwa Dromas ardeola, jina alilopewa mwaka 1805 na Gustaf von Paykull wa Sweden. Maelezo ya pwani aliyopatikana yalibaki kitabuni. Wauzaji hufanya hivyo kwa sababu kurasa zikiuzwa mojamoja huleta fedha nyingi kuliko kitabu kizima.

Picha kama hizi zilikuwa na kazi. Mchoraji alichora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, ikapigwa chapa nyeusi, kisha vibarua, wengi wao wanawake, wakapaka rangi kwa mkono nakala baada ya nakala. Lakini mara nyingi mchoraji alikuwa na ngozi iliyokaushwa tu, na ngozi ikikauka, miguu hupoteza rangi. Hata kitabu cha mwaka 1870 juu ya ndege wa Afrika Mashariki, kilichotoka katika mfululizo wa safari za Baron von der Decken, ni kazi ya Otto Finsch na Gustav Hartlaub, mabwana wa Bremen, Ujerumani. Decken mwenyewe alikwisha kuuawa mwaka 1865 huko Bardera, kando ya mto Juba.

Nikaichukua picha hadi Kigombe, kwenye njia ya Tanga kwenda Pangani. Maji yalikuwa yamekupwa. Mzee mmoja alikuwa akishona wavu, nikamwamkia, nikampa. Aliisogeza mbali na macho.

"Membe huyu. Lakini mwanangu, mbona yuko peke yake? Na miguu ya njano kaitoa wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Mbele ya mikoko kundi zima lilikuwa likikimbia na kusimama, likiwinda kaa, miguu yote ya kijivu cha samawati.

"Kusi likishika, wengi hatuwaoni," akasema. "Huenda wapi?"

Hilo nililijua kutoka vitabuni: huenda Somalia, Omani na visiwa vya Ghuba, huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja.

"Ndege achimbe shimo kama kaa!" Akacheka mpaka sindano ikamdondoka.

Nilitamani kuandika "Kigombe" chini ya picha, lakini ingekuwa uongo. Nikaandika nyuma, kwa penseli: Mvuvi wa Kigombe amwita membe. Miguu si ya njano.