Kutoka Kuuliza hadi Kubipiwa: Jinsi Programu Zilivyoanza Kupashwa Habari

Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tangu hapo istilahi za kompyuta si mzigo wa Dar es Salaam na Nairobi peke yao. Katika makala haya tunakusudia kuitazama istilahi moja tu, ishara, kwa kufuata historia ya jambo lenyewe: programu hujuaje kwamba limetokea tukio lisilo na miadi?

Hapo mwanzo programu ilikuwa ikiuliza. Kama ilisubiri mashine ya kuchapa imalize mstari, iliuliza, "Tayari?" ikajibiwa "Bado," ikauliza tena, maelfu ya mara, na hesabu zilizokuwa na maana zikakaa. Katikati ya miaka ya 1950 kukaja katizo: kifaa chenyewe kinaigutua kompyuta, nayo inaacha inachofanya, inamhudumia mgeni, kisha inarudi pale ilipoachia. DYSEAC ya Marekani ilikuwa nalo mwaka 1954, na UNIVAC 1103A ikafuata. Si wote waliolifurahia. Mdachi Edsger Dijkstra, alipoelezwa na wenzake Loopstra na Scholten kwamba mashine yao mpya, X1, itakuwa na katizo, aliingiwa na hofu na kuwachelewesha kwa miezi kadhaa. Hoja yake ilikuwa nzito: mgeni akiweza kuingia wakati wowote, kosa linalotokea leo huenda lisijirudie kesho, nawe utalisakaje? Hatimaye alikubali, na tasnifu yake ya mwaka 1959 ikahusu jambo hilohilo.

Katizo ni la mashine. Katika miaka ya 1970 mfumo wa Unix, uliozaliwa Bell Labs, uliziletea programu zenyewe kitu cha namna hiyo, na hicho ndicho tunachokiita ishara. Ishara ya Unix haina maneno. Ni namba tu: 2, mtumiaji amebonyeza vitufe vya kusitisha, 15, tafadhali funga kazi, 9 haina rufaa, programu inakatwa bila hata kujua. Amri ya kutuma ishara inaitwa kill, yaani "ua", ingawa mara nyingi haiui mtu. Walimu wa lugha tusicheke sana. Sisi pia tunasema simu "imekufa".

Msomaji wa Kampala hahitaji kwenda Marekani ili aelewe jambo hili. Baada ya Celtel kuingia nchini mwaka 1995 na MTN mwaka 1998, muda wa maongezi ulikuwa ghali lakini kupokea simu kulikuwa bure. Watu wakabipu. Unapiga, inalia mara moja, unakata. Bipu haina maneno. Maana yake mmekwisha kuafikiana: nimefika, au nipigie. Mtafiti Jonathan Donner alichapisha mwaka 2007 makala juu ya kanuni za desturi hii, kwa kuitazama zaidi Rwanda, akaonyesha kwamba zipo bipu za kuomba kupigiwa, zipo za ujumbe uliopangwa kabla, na zipo za kusalimiana tu. Na kwamba mwenye uwezo zaidi ndiye anayetarajiwa kulipia.

Na kama bipu, ishara hupotea. Hapa ndipo mafunzo mengi yanapopita mbiombio. Katika Unix, programu-mzazi huzaa programu-watoto, na mtoto akifa mzazi hupelekewa ishara. Lakini watoto watatu wakifa kwa mfululizo wa haraka, ishara zao zaweza kuungana zikawa moja. Mzazi anayehesabu ishara atadhani amefiwa na mmoja. Wawili waliobaki hukaa katika orodha ya mfumo, wamekufa lakini hawajazikwa. Waingereza huwaita zombi, nasi tunalo neno letu zuri zaidi, misukule. Mzazi mwangalifu akipata ishara moja huuliza, na kuuliza tena, mpaka aambiwe hakuna mwingine. Yaani kubipiwa hakukufuta kuuliza. Kulimwambia tu ni wakati gani wa kuuliza.

Katika Unix za awali hali ilikuwa mbaya zaidi: programu ilipopokea ishara, mpango wake wa kuipokea ulifutika, na ishara ya pili ikiwahi kabla haijajipanga upya, ilikumbana na utaratibu wa kawaida, ambao mara nyingi ni kuuawa. Toleo la Berkeley la mwaka 1983, 4.2BSD, lilirekebisha kasoro hiyo, na kanuni za POSIX za mwaka 1988 zikaweka utaratibu mmoja. Toleo hilohilo la Berkeley lilileta select: programu inalala mbele ya milango mingi kwa pamoja, inaamshwa mmojawapo ukibishwa hodi. Linux ikaongeza epoll mwaka 2002, ili isilazimike kutaja milango yote upya kila inapolala.

Turudi kwenye istilahi. Tumeona vitabu na tafsiri zikiita vyote hivi ishara au arifa bila kuchagua. Mwanafunzi anayedhani arifa na ishara ni kitu kimoja atatafuta ujumbe ndani ya namba 15, na hataukuta. Sisi tungependa kusema katizo kwa mashine, ishara kwa namba isiyo na maneno, na arifa tuiachie ile yenye habari ndani yake, kama inayotokea kwenye kioo cha simu. Darasani, kabla ya kutoa fasili ya ishara, tungeanza na bipu, ingawa tangu WhatsApp ienee baadhi ya wanafunzi huenda wakahitaji kwanza kuelezwa bipu ni nini.