Pishi, Kibaba na Ghala la Nyumba za Pwani

Waliozisifu nyumba za pwani ya Afrika ya Mashariki wamesifu milango yake ya nakshi, zidaka zake za chokaa, na sahani za Kichina zilizopangwa ndani ya zidaka hizo; ni wachache waliosogea mbele kidogo wakaingia mahali palipowekwa mchele, mtama, samli, chumvi na tende, ingawa pasipo mahali hapo milango ile isingefunguliwa mgeni yeyote kwa moyo mkunjufu. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi ghala la nyumba lilivyojazwa, lilivyopangwa na lilivyosimamiwa tangu zama za kale, na kuthibitisha kwamba nguvu yake ilitoka katika kipimo, yaani katika kile kibaba kilichotiwa ndani ya nafaka kila siku na mkono wa mtu mmoja aliyejua hesabu ya mwaka mzima.

Habari za vyakula vya pwani ni za zamani mno. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari hii mwaka 916, aliandika kwamba watu wa nchi ya Zanji walikula mtama, nyama, asali, ndizi na nazi. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliochekecha udongo wa Tumbe na Chwaka, katika kisiwa cha Pemba, walikuta mbegu zilizoungua motoni karne nyingi zilizopita, na mbegu hizo zikawafunulia kwamba wenyeji wa Tumbe, waliokaa huko tangu karne ya 7 hata ya 10, walitegemea zaidi uwele, na kwamba wale wa Chwaka waliokuja nyuma yao walihamia katika mpunga. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli, pamoja na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, na ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa. Kisha akaletewa maziwa mgando, na pamoja nayo ndimu na pilipili zilizotiwa achari, tangawizi mbichi na maembe. Wasomaji wengi hustaajabia wingi wa karamu ile, walakini lililo kubwa zaidi ni ile achari, kwa kuwa achari haitengenezwi siku anayofika mgeni. Mtu aliitia chumvi majuma mengi kabla, akaifunika, akaiweka, akangoja. Na palipo na achari mezani hapakosi nyuma yake ghala lenye mtunzaji.

Mtunzaji huyo alikuwa na kalenda mbili, moja ya mvua na moja ya upepo. Mvua za masika na za vuli ndizo zilizompa mpunga, mtama, mahindi, kunde na choroko za mashamba ya nchi yake, na pepo za msimu zikamletea vya ng'ambo. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Disemba hata Machi, majahazi ya Omani, ya Ghuba na ya Hadhramaut yaliteremka na makanda ya tende, papa mkavu na chumvi, na kutoka pwani ya Banadiri ikaja samli. Na kusi ilipogeuza matanga, yalirudi kwao na boriti za mikoko na nafaka za pwani. Malindi, mji uliokuwa gofu kwa muda mrefu, ulihuishwa upya katika miaka ya 1860 kwa enzi ya Sayyid Majid, na mtama na ufuta wa mashamba yake vikapelekwa Arabuni. Kwa sababu hiyo, mwenye nyumba aliyekosa kununua tende na papa wakati wa kaskazi alijua kwamba amekosa mpaka mwaka mwingine, na aliyeuza mpunga wake wote siku ya mavuno, bei ikiwa chini, alijua kwamba ataununua tena kwa bei ya juu kabla masika hayajaisha.

Mahali pa kuweka vitu hivi palitofautiana kwa kadiri ya nyumba. Katika nyumba za mawe za Lamu jiko lilikuwa juu, kwenye kidari cha meko, ili moshi na moto vikae mbali na vyumba vya kulala, na akiba ikawekwa katika vyumba vya ndani visivyo na madirisha, ambavyo giza na ubaridi wake ni hifadhi kwa samli na nafaka. Katika nyumba za udongo na makuti ghala lilikuwa ni uchaga uliojengwa juu ya mafiga, na moshi ambao mgeni huudhani ni adha ya mpishi ulikuwa ni ulinzi, kwa maana ulizikausha nafaka na kuwafukuza fukusi. Huko juu yalitundikwa mahindi na maganda yake, na vibuyu vya mbegu vilivyozibwa barabara, ambavyo hata njaa ilipobisha hodi havikuguswa illa kwa dharura iliyopita dharura zote, kwa sababu alaye mbegu amekula na mavuno ya mwakani.

Mpangilio wenyewe ulifuata maarifa ambayo hayakuandikwa katika kitabu chochote, nayo yalikuwa maarifa ya kweli. Mpunga uliwekwa na maganda yake, ukatwangwa kwa kadiri ya haja ya siku moja au mbili, kwa kuwa punje iliyovuliwa ganda haina kinga mbele ya mdudu. Makanda na vikapu vya ukili havikuwekwa chini bali juu ya vichanja, ili unyevu wa sakafu usipande, na vikatengwa na ukuta ili panya asipate njia ya siri. Kunde na choroko zilichanganywa na majivu makavu ya jikoni, yanayoziba nafasi baina ya punje na kumzuia mdudu asitambae. Muhogo ulimenywa ukaanikwa ukawa makopa, samaki wakapasuliwa wakatiwa chumvi wakawa ng'onda, na ukwaju ukafanywa madonge kwa chumvi. Papa, kwa ukali wa harufu yake, alitengwa na kila kitu kinachonyonya harufu, na kwanza kabisa na mchele. Chakula kilichokwisha kupikwa kiliwekwa katika susu iliyoning'inia kutoka darini, kikafunikwa kawa, mbali na paka na sisimizi. Na kilichotangulia kuingia ndicho kilichotangulia kutoka. Ila mpunga wa zamani, ukiwa mkavu na salama, uliwekewa siku za karamu, kwa sababu mchele wake huvimba vizuri jikoni na wali wake huchambuka.

Lakini vyombo hivi vyote, hata viwe imara namna gani, havingaliweza kuifikisha nyumba kutoka mavuno hadi mavuno kama kusingekuwa na kipimo. Vibaba viwili vilifanya kisaga, visaga viwili vikafanya pishi, na pishi sitini zikafanya jizla; pishi moja ya nafaka ilikuwa na uzito wa ratili sita hivi. Kibaba kilikuwa ni chakula cha mtu mzima kwa siku moja, na hivyo ndivyo ilivyohesabiwa posho ya mpagazi katika misafara ya bara ya karne ya 19. Kwa hiyo bibi wa nyumba, mwenye ufunguo wa ghala uliofungwa katika pembe ya leso, aliposimama mbele ya makanda yake aliweza kuona zaidi ya nafaka: aliona idadi ya siku. Aliwajua watu wake, akajua kibaba cha mkubwa na nusu ya mtoto, akaongeza sehemu ya mgeni asiyetangaza kuja kwake, na baada ya hapo akajua kama akiba itafika au haitafika, nao mwezi ungali mapema, wakati tadbiri bado yafaa. Methali isemayo kuwa haba na haba hujaza kibaba imetoka katika maisha ya namna hii, ambamo kibaba kilikuwa chombo cha kushikwa mkononi.

Haifai kusifu ghala hili na kunyamaza juu ya jasho lililolijaza. Katika nyumba za matajiri wa Unguja, Mombasa na Lamu waliolima, waliotwanga na waliobeba walikuwa watumwa, ambao kibaba chao walipimiwa na mtu mwingine. Na kipimo kilekile kilichokuwa amani kwa mwenye ufunguo kilikuwa ni mpaka kwa asiyekuwa nao. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na tangu hapo wengi waliokuwa wakitwanga kwa wengine walianza kupanga uchaga wao wenyewe, wakiwa tayari na elimu ambayo mikono yao ilikuwa nayo siku zote.

Dini nayo iliingia ghalani na kuweka sheria zake. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka. Kwa hiyo kuweka akiba hakukuwa upungufu wa tawakali. Kilichoharimishwa ni ihtikari, yaani kununua chakula wakati wa dhiki na kukificha ili bei ipande juu ya migongo ya wahitaji. Mwisho wa Ramadhani kila nyumba ilitoa zakatulfitri, pishi moja ya chakula cha nchi kwa kila kichwa, tangu mzee hata mtoto aliyezaliwa kabla jua la siku ya mwisho halijachwa. Na mkongwe asiyeweza kufunga alitoa kibaba kimoja kwa kila siku iliyompita. Wajibu wa zaka hiyo ulimshika kila mwenye ziada ya chakula cha usiku na mchana wa Idi, hata akiwa fukara, na kwa ajili hiyo hapakuwa na nyumba iliyosamehewa kufungua ghala lake na kulitazama kwa insafu.

Mabadiliko makubwa yalianza karafuu zilipotawala ardhi. Mwanzoni mwa karne ya 19 visiwa vya Unguja na Pemba vilikuwa vikitoa mpunga hata wa kuuza nje. Mashamba yalipogeuzwa kuwa ya karafuu, fedha iliongezeka na chakula kikapungua, na mchele ukawa wa kuagizwa kutoka Bara Hindi na Burma. Duka la mtaani, pamoja na daftari lake la deni, likachukua kazi ya uchaga. Mafuta ya taa kutoka Marekani yalileta debe, chombo cha bati cha galoni nne, ambalo mafuta yake yalipokwisha halikutupwa: likawa ghala dogo lisilotobolewa na panya, na baadaye likawa kipimo cha nafaka sokoni, ambacho kingali kinatumika hadi leo. Vita Vikuu vya Pili vilidhihirisha gharama ya mageuzi haya. Wajapani walipoitwaa Burma mwaka 1942 mchele ulikatika, chakula kikagawiwa kwa vipimo vya serikali, na watu wa visiwani wakahimizwa kurudi kwenye muhogo na nafaka za mashamba yao.

Mtihani mwingine ulikuja Tanzania katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, sukari, unga na sabuni vilipoadimika na foleni zikawa ndefu. Mwaka 1983, serikali ilipowaandama walanguzi na wahujumu uchumi, wako waliotupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Hapo ilidhihiri jinsi jamii inavyopata hasara inapopoteza mizani baina ya akiba na ihtikari: gunia moja likaweza kuitwa busara na jirani mmoja, na hatia na jirani wa pili.

Leo kilo imechukua mahali pa ratili, ndoo ya plastiki imechukua mahali pa kanda, na wengi mijini hununua chakula cha siku kwa fedha ya siku. Sidai kwamba uchaga urudishwe juu ya majiko ya gesi; nadai kwamba hesabu irudi, kwa maana mwenye kununua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kipimo, na asiyejua kilichomo ndani ya kabati lake hununua alichonacho na hukosa asichonacho. Wazee wa kike wanaojua mpunga upi huwekwa na upi huliwa, na majivu kiasi gani hutosha pishi ya choroko, waulizwe na maneno yao yaandikwe wakingali hai. Zakatulfitri, ambayo masheikh wetu wengi huitangaza kuwa kilo mbili na nusu kwa kila kichwa, imetubakishia mara moja kwa mwaka lile lililofanywa kila asubuhi: kuhesabu watu, kupima chakula, na kutenga sehemu ya mwingine kabla ya kula yetu. Nyumba inayoweza kufanya hivyo usiku wa kuamkia Idi haina udhuru wa kushindwa kufanya hivyo katika miezi mingine kumi na mmoja.