Mlio wa metali kwenye gitaa: pedali ngapi zinatosha?

Kijana wa Kahama au Geita anayetaka gitaa lake lingurume kimetali anaweza kuanza na pedali moja tu: ya distosheni, inayozidisha sauti mpaka ikwaruze. Shida huanza akiichomeka moja kwa moja kwenye sabufa ya sebuleni. Inalia kama nyuki! Spika ya gitaa huchuja sauti kali za juu. Sabufa zenye spika ndogo za pembeni hazichuji. Bila amplifaya ya gitaa, programu ya simu inayoiga spika hiyo husaidia.

Tony Iommi wa Black Sabbath hakuwa na lundo la vifaa. Mwaka 1965 mashine ya kiwandani Birmingham, Uingereza, ilimkata ncha za vidole viwili. Akayeyusha chupa ya plastiki, akatengeneza vifuniko vya vidole, akafunga nyuzi nyembamba na baadaye kuzilegeza. Mlio ukazidi kuwa mzito.

Hapo jirani Nairobi, Duma walichanganya gitaa na kompyuta kwenye albamu yao ya 2020.

Pedali nyingi zina raha yake, ila distosheni hukuza pia mvumo wa umeme, na kila waya wa ziada ni mlango wa mvumo mwingine.