Shule Yetu Ilijengwa na Mikono Mingi

Ninyi wazee wa vijiji, nanyi mama na baba mliohama vita, leo tuongee juu ya shule. Mara nyingi tunasikia neno hili: "Shule ni yetu, watoto wa wageni watafute yao." Basi tuulize historia: shule hii ilitoka kwa nani?

Tuanze na lugha. Kiswahili kilifika Kasongo na Nyangwe katika karne ya 19, pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani, upande wa Zanzibar. Misafara hiyo ilileta utumwa, tusisahau. Ilileta pia masomo ya Kurani na herufi za Kiarabu. Wamisionari waliokuja nyuma waliikuta lugha hiyo, wakaiandika kwa herufi za Kilatini, wakafundishia watoto.

Mwaka 1906 serikali ya Leopold II ilipatana na Vatikani: misioni za Kikatoliki zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Waprotestanti kutoka Uingereza, Sweden na Marekani walifungua zao. Lakini ukoloni ulitafuta makarani na mafundi, haukutafuta viongozi. Ndiyo sababu siku ya uhuru, 30 Juni 1960, Wakongo waliomaliza universite hawakufika 30. Walimu wengi Wabelgiji walipoondoka, Umoja wa Mataifa ulileta wengine. Kati yao walikuwamo watu wa Haiti, inchi ambayo mababu wa wengi walichukuliwa utumwani kutoka Afrika, hata kutoka Kongo.

Mnaona? Wageni walifundisha, wazazi wenyeji walifyatua matofali. Hakuna kabila moja linaloweza kusema: shule ni yangu peke yangu.

Na sheria inasema nini? Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya masomo. Masomo ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za serikali. Haiulizi mtoto alitoka kijiji gani.

Tunajua madawati ni machache. Kwa hiyo, wazee, ketini na mkuu wa shule na kamati ya wazazi, mpange zamu ya asubuhi na ya mchana. Nanyi mliohama, kati yenu wamo walimu na waashi: wajitoe kusaidia.

Mtoto tunayemfukuza darasani leo, kesho mwenye bunduki atampokea.