Mwalimu Ajifunza Kunyamaza



Kwetu Lingeka vijana walifundishwa jioni kwenye shikome, wakiota moto: mzee alitoa jambo gumu, vijana wakalijadili. Shuleni tulikariri tu.

Vyuo vikuu navyo vilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilianza kufundisha udaktari kwa kutatua matatizo. Kikundi kidogo hupewa habari za mgonjwa, hujiuliza kinajua nini na kimepungukiwa nini, kisha kila mmoja huenda kutafuta na kurudi kuwaeleza wenzake. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kiliifuata njia hiyo kilipopokea wanafunzi wa udaktari mwaka 1990. Makerere ikaifuata mwaka 2003.

Kazi kubwa ni kwa waalimu. Nao hubidi wafundishwe upya: kuuliza badala ya kuhubiri, na kunyamaza hali jibu wanalo mdomoni. Kwa aliyezoea kuheshimiwa kwa kujua, hilo ni zito.

Mimi nilihitimu chuo kikuu kwa kukariri. Kazini serikalini nikaona kuwa shida za wananchi haziji na majibu yaliyochapwa nyuma ya kitabu. Wanafunzi, msingoje chuo kikuu: anzeni sasa kuuliza.